Gesi ya chai, mkaa wa maharage

Jiko la bibi yangu, huko milimani Usambara, lilikuwa kijumba cha udongo pembeni mwa nyumba kubwa. Mafiga matatu katikati, dirisha moja lenye ukubwa wa sinia, na juu ya moto dari ya fito iliyopangwa mahindi ya mbegu. Masizi yalining'inia kwenye zile fito kama nyuzi za katani zilizochovywa kwenye lami. Sisi wajukuu tukiingia tulikaa chini kabisa, maana moshi hupanda na hewa ya kuvuta iko usawa wa magoti. Bibi hakuwa na nafasi hiyo. Alipika ameinama, uso juu ya chungu, machozi yakimtoka, na kikohozi chake tulikizoea hata kikawa ndicho kinachotuambia yuko upande gani wa nyumba. Uzeeni akapata mtoto wa jicho macho yote mawili, na pumzi ikawa inamkatika kwa kupanda kijilima kidogo tu cha kwenda kwa jirani. Hospitalini aliulizwa kama amewahi kuvuta sigara. Akasema hajawahi, na ni kweli. Jiko hakuna aliyeliulizia.

Lakini moshi ule ule ndio uliozuia dumuzi asile mahindi ya mbegu. Ndio uliokausha nyasi za paa zisioze mapema, na ukapunguza mbu wakati wa jioni. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu mjadala wetu wa nishati safi ya kupikia mara nyingi unaendeshwa kana kwamba anayepikia kuni au mkaa hajui anachofanya. Anajua. Ana hesabu yake, na hesabu hiyo inastahili kuwekwa kwenye mizani sawa na ile ya wizara.

Hesabu ya wizara ni hii. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka wa mwisho. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kupewa amri ya kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Siku chache baada ya uzinduzi, Rais alikuwa Paris kama mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Na katika karibu kila hotuba ya kampeni hii inarudi namba moja: Watanzania wapatao 33,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa jikoni. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Nimekutana na wengi wasioiamini ile 33,000, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema: mbona hatuoni misiba hiyo? Ukipekua vyeti vya vifo utakuta nimonia, kiharusi, shinikizo la damu, moyo, saratani ya mapafu. Neno moshi hulikuti. Hata Uingereza, yenye daktari na mwanasheria kila kona, ilingoja hadi Desemba 2020 ndipo mchunguzi wa vifo akaandika kwa mara ya kwanza kwamba hewa chafu imechangia kifo cha mtu: Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka tisa aliyekuwa na pumu kali na kuishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mwa London. Alikuwa amefariki Februari 2013. Ilichukua karibu miaka minane na mama asiyechoka.

Namba za aina hii haziokotwi makaburini. Wataalamu huchukua vifo vya kila ugonjwa, wakaangalia watu wanavuta moshi kiasi gani, kisha wakatumia tafiti zinazoonyesha kiasi hicho cha moshi kinaongeza hatari kwa kiwango gani, na kukokotoa ni vifo vingapi visingetokea kama hewa ingekuwa safi. Ni makadirio. Yanaweza kuwa juu au chini kwa maelfu. Mimi nayakubali kama makadirio, na ninaona ni kosa kuyatangaza jukwaani kama vile kuna daftari lenye majina 33,000. Kosa hilo lina gharama, kwa sababu siku mtu atakapouliza ushahidi wa moja kwa moja, atakutana na tafiti ambazo kampeni haizitaji.

Tuzitaje hapa.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Malawi, wilaya za Karonga na Chikwawa, ukihusisha watoto 10,750. Vijiji vingine vilipewa majiko ya kisasa yenye feni yanayounguza kuni kwa usafi zaidi, vingine vikaendelea na moto wa mafiga. Baada ya miaka miwili, nimonia kwa watoto ilikuwa sawa sawa pande zote mbili. Basi ikasemwa: labda majiko ya kuni hata yakiboreshwa hayatoshi, tujaribu gesi. Ikajaribiwa. Wanawake wajawazito wapatao 3,200 katika nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na jirani zetu Rwanda wilayani Kayonza, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18, ikiletwa mpaka nyumbani. Wanawake hao walipika kwa gesi kweli kweli. Chembechembe laini za moshi walizovuta zilishuka kutoka karibu mikrogramu 70 kwa mita ya ujazo hadi kama 24. Kisha yakaja matokeo, 2022 na 2024: uzito wa watoto waliozaliwa ulizidi kwa kama gramu 20 tu, tofauti isiyoweza kutenganishwa na bahati, na nimonia kali kwa wachanga haikupungua kwa namna ya kuaminika.

Mtu anayepinga ruzuku ya gesi akiyasoma haya atasema kesi imekwisha. Mimi nimekaa nayo muda mrefu, na nadhani haijakwisha, ila imetulazimisha kusema kwa uangalifu zaidi tunachoahidi.

Kwanza, nimonia ya mtoto ina milango mingi. Nchi hizi zimeanza kuwachanja watoto dhidi ya vijidudu vinavyoongoza kwa kuileta. Rwanda ilianza 2009, Tanzania ikafuata miaka mitatu minne baadaye. Chanjo ikishafunga mlango mkubwa, inakuwa vigumu kuona faida ya kuufunga mdogo. Utafiti wa zamani zaidi wa Guatemala, uliotumia majiko yenye dohani na kutangazwa 2011, haukuona nafuu ya wazi kwa nimonia kwa ujumla, lakini ile kali ilipungua kwa theluthi. Kwa hiyo ushahidi kuhusu watoto umegawanyika, na anayesimama jukwaani akasema "gesi itaondoa vichomi kwa watoto wenu" anasema zaidi ya anachokijua.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, miezi 18 ni muda wa kupima mimba na mtoto mchanga. Si muda wa kupima mapafu ya mtu mzima. Bibi yangu hakuugua kwa miezi 18. Alivuta moshi tangu akiwa mgongoni kwa mama yake hadi alipozeeka. Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo zenye upana usiozidi mikroni 2.5, karibu sehemu ya thelathini ya unene wa unywele. Hizi hazinaswi puani. Zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, nyingine zinapenya hadi kwenye damu, na huko zinawasha uvimbe mdogo mdogo usiozimika. Mishipa inakakamaa, shinikizo linapanda, njia za hewa zinanenepa na kubana. Ni kazi ya miaka ishirini, thelathini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya vifo katika yale makadirio ya dunia ni ya watu wazima: moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa mapafu, saratani.

Kuna mahali ambapo watu walivumilia kungoja muda huo. Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China, watu walikuwa wakichoma ndani ya nyumba makaa ya mawe yenye moshi mzito, bila dohani, na wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha kutisha. Tangu miaka ya 1970 kaya nyingi zikaweka dohani. Watafiti waliwafuatilia wakulima zaidi ya 21,000, na matokeo yaliyotoka 2002 yalionyesha saratani ya mapafu imepungua kwa asilimia 41 kwa wanaume na 46 kwa wanawake. Ila nafuu hiyo ilianza kuonekana wazi baada ya kama miaka kumi tangu dohani ziwekwe. Anayetaka kuona faida kabla ya uchaguzi ujao hataiona. Ni kweli pia kwamba makaa yale ya Xuanwei ni mabaya kuliko kuni zetu, kwa hiyo asilimia zile hatuwezi kuzihamishia Handeni au Kibondo. Tunachoweza kuhamisha ni ule muda.

Hata hivyo muda mrefu unaleta ugumu wake: katika miaka kumi mambo mengi hubadilika kwa pamoja, na kila mtu anataka sifa. Dublin, Ireland, ilipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi mnamo Septemba 1990. Masizi angani yakashuka sana, na uchambuzi wa 2002 ukasema vifo vya mapafu na vya moyo vyote vimepungua. Habari ikasifiwa dunia nzima. Baadaye, mwaka 2013, wataalamu walirudia hesabu wakilinganisha na sehemu za Ireland ambazo hazikuguswa na marufuku. Vifo vya mapafu vilibaki kuwa vimepungua kweli. Vya moyo vilikuwa vikipungua nchi nzima, marufuku au bila marufuku, kwa sababu ya dawa, hospitali na watu kuacha sigara. Nawaheshimu sana waliorudia hesabu ile. Walipunguza ushindi wa upande wao wenyewe, na kilichobaki kikawa kigumu zaidi kukipinga.

Vivyo hivyo, ripoti ya 2024 kuhusu usafi wa hewa duniani ilisema kiwango cha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vinavyohusishwa na hewa chafu kimeshuka kwa asilimia 53 tangu mwaka 2000. Ni habari njema mno. Lakini wenyewe walioandika wanaitaja lishe na huduma za afya pamoja na majiko safi. Mtoto aliyeshiba na kuchanjwa anaweza kuvuta moshi ule ule na akapona.

Sasa turudi kwa anayepika, kwa sababu hata ushahidi ukiwa kamili, jiko halizimwi na ushahidi.

Shangazi yangu anakaa Mbagala. Ana mtungi wa kilo sita, ule mdogo wenye jiko juu yake, na anautunza. Anaufuta kila jioni kama redio. Anautumia kuchemsha chai, kukaanga mayai, kupasha kiporo. Maharage, makande na supu ya kwato haziupandi. Hizo zinaenda kwenye jiko la mkaa koridoni. Ukimuuliza kwa nini, anakupa hesabu kwa vidole: kujaza mtungi kunakaribia elfu ishirini na tano kwa mkupuo, na gesi ikiisha katikati ya mwezi hakuna dukani atakayemwuzia gesi ya elfu mbili. Mkaa wa elfu mbili upo kila genge. Mtu anayepata pesa yake kwa siku hununua kwa siku. Mchumi anaweza kumwonyesha kwenye karatasi kwamba kwa mwezi mzima mkaa unamgharimu sawa na gesi au zaidi, na huenda ni kweli kwa Dar es Salaam ya leo, lakini elfu ishirini na tano haijawahi kukaa mkononi mwake kwa wakati mmoja bila ada ya mtoto au kodi ya chumba kuiita.

Kwa hiyo akihesabiwa kwenye takwimu atakuwa "kaya yenye gesi". Mapafu yake hayajui hivyo. Na mkaa una hila yake: hautoi moshi mwingi wa kuonekana, ndiyo maana watu wa mjini wanauona ni msafi kuliko kuni. Chembechembe bado unatoa, hasa unapowashwa kwa vipande vya plastiki na makaratasi, na unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi huko Nyanda za Juu na Kaskazini tunasikia familia iliyolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa na haikuamka. Hao vyeti vyao vinaandikwa sawasawa.

Upande wa pili wa mizani una watu wengi ambao hawaalikwi Paris. Yupo mchomaji mkaa wa Kilindi au Kilwa ambaye tanuri lake ndilo ada ya shule. Dereva wa baiskeli anayeshusha magunia alfajiri. Mama wa genge anayepima kwa kopo. Ukizima mkaa kwa amri tu, unahamisha umaskini kutoka jikoni kwenda shambani. Serikali inasema nchi inapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na mkaa ni sehemu ya sababu, pamoja na mashamba mapya. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Lakini hoja ya misitu na hoja ya mapafu ni hoja mbili, na tumezoea kuzifunga kwenye kifurushi kimoja kisha kumtwisha mpishi. Jiko banifu linaweza kuokoa mti bila kuokoa pafu. Utafiti wa Malawi umetufundisha hilo. Wanaoleta majiko banifu kama dawa ya afya wanapaswa kuacha kusema hivyo.

Ipo pia hofu ya gesi yenyewe. Usiku wa Februari 1, 2024, gari la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, moto ukaruka mpaka kwenye nyumba za watu, ukaua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Video zilifika hadi kwa shangazi yangu kabla ya asubuhi. Kumwambia kwamba ajali za aina hiyo ni chache kuliko vifo vya moshi ni kweli, na hakumsaidii, kwa sababu mlipuko unauona na moshi umeuzoea. Kinachomsaidia ni mpira wa gesi usio wa bandia, regyuleta iliyokaguliwa, na mamlaka inayofunga vituo vya kujazia mitungi kinyemela katikati ya makazi kabla havijaua.

Kenya imetuonyesha pia jinsi sera inavyoweza kujikanyaga. Gesi ya kupikia ilikuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, na sensa ya 2019 ikakuta karibu kaya moja kati ya nne inapikia gesi. Julai 2021 ikawekwa kodi ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Kodi ilibadilishwa mara nne katika miaka saba. Mtu aliyerudi kwenye mkaa 2021 hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa anasoma alama. Ukitaka mapafu yapumzike miaka kumi, bei nayo lazima itulie miaka kumi.

Nairobi hiyo hiyo imetoa funzo la kinyume chake. Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati na watu waliosongamana, baadhi ya kaya zilikuwa na mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kadiri unavyopika, hata shilingi chache. Watu walipofungiwa wakati wa korona na vibarua vikakatika, asilimia 95 ya waliofuatiliwa waliendelea na gesi ya mita. Waliokuwa wakinunua mtungi mzima, zaidi ya robo waliacha. Mtaa mmoja, shida moja, tofauti ni namna ya kulipa. Kwangu mimi utafiti huu mdogo una uzito kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa unajibu ile hesabu ya vidole ya shangazi.

Bado kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Tuseme shangazi amepata gesi ya mita, ameuza jiko la mkaa, na hata maharage anayapika kwa presha ya umeme, ambayo kwa chungu kimoja haimalizi uniti nzima. Saa kumi na mbili jioni jirani wa nyuma anachoma taka. Nepi, chupa za plastiki, majani ya mwembe, vyote pamoja. Upande wa pili mkaanga samaki anawasha kuni. Barabarani kuna lori linalotema moshi mweusi. Moshi hauna uzio. Hivi ndivyo watafiti wa Malawi walivyojieleza: jiko lilibadilishwa, lakini taka ziliendelea kuchomwa, na moshi wa sehemu nyingine ukaendelea kuvutwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliteremsha kiwango linachokishauri cha chembechembe laini kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5. Wale wanawake wa Kayonza na wenzao, kwa gesi ya bure na ya kutosha, waliishia kwenye 24. Walitoka mbali sana, na hawakufika.

Ndiyo maana nadhani tumeanzia mahali finyu tulipoanzia kwa mtungi mmoja na kaya moja. London haikufanya hivyo. Moshi mzito wa Desemba 5 hadi 9, 1952 ulihesabiwa kuua watu 4,000, na wachambuzi wa baadaye wakapandisha hadi kama 12,000. Serikali ya wakati ule ilijaribu kwanza kusingizia mafua kwa vifo vilivyoendelea majira yale ya baridi. Sheria ya 1956 iliyofuata iliruhusu kutangaza maeneo mazima kuwa hayaruhusiwi moshi, na ikatoa fedha za kuwasaidia wenye nyumba kubadilisha majiko na meko yao. Hawakumwomba mtu mmoja mmoja ajitolee. Waliubadilisha mtaa, wakalipia sehemu ya gharama.

Na sisi wenyewe tumewahi kufaulu, ingawa hatujisifu. Petroli yetu ilikuwa na risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto akiwa bado anaumbika. Mwaka 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Hakuna dereva wa daladala aliyeitwa kwenye semina. Hakuna mama aliyeambiwa abadilishe tabia. Mafuta yalisafishwa kabla hayajafika kituoni, basi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikafanya hivyo tena kwa dizeli, kikomo cha salfa kikashushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Ukilinganisha na jiko, unaona kwa nini moja lilikuwa rahisi na jingine gumu: jikoni tumemwachia maskini kuliko wote afanye uamuzi, alipe, na ajifunze, kila siku mara tatu.

Msimamo wangu basi ni huu. Kampeni ya nishati safi iko sahihi na iendelee, hata baada ya Kayonza, kwa sababu deni la moshi linadaiwa kwa miongo na hakuna utafiti wa miezi 18 utakaolifuta. Ila ibadilishe kipimo. Kuhesabu mitungi iliyogawiwa ni kuhesabu picha za magazeti. Kipimo cha kweli ni ujazaji wa mara ya tano na ya kumi, na hewa iliyopimwa mtaani jioni watu wanapopika. Fedha za ruzuku zihame kutoka kwenye chuma kwenda kwenye gesi yenyewe na kwenye mita. Umeme wa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, upewe bei ya jikoni, maana ndio pekee usioacha moshi ndani wala hausubiri meli bandarini. Halmashauri izoe taka, kwani asiyezolewa taka atazichoma, na hatuna haki ya kumlaumu. Mchomaji mkaa apewe kazi nyingine kabla ya kupewa notisi.

Na mabadiliko yaanze na mitaa, nyumba zote za mtaa kwa pamoja pamoja na mama lishe na genge lake, badala ya kutawanya mtungi mmoja mmoja wilaya nzima. Hili litawakera wabunge, kwa sababu kila mmoja anataka mitungi michache kwa watu wake. Naelewa. Lakini robo ya moshi iliyopunguzwa kila mahali inaweza isimponye yeyote, na mtaa mmoja uliosafishwa kweli utatupa, baada ya miaka kumi, ushahidi wetu wenyewe badala ya kuazima wa Yunnan.

Jumapili iliyopita nilikuwa Mbagala. Nilimkuta shangazi koridoni, amechutama, anapepea jiko kwa kifuniko cha ndoo, maharage ndiyo kwanza yameanza kutokota. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa amekaa sakafuni karibu naye, chini kabisa, pale tulipokuwa tukikaa sisi. Nikamwambia habari za mitungi ya ruzuku, kwamba inasemekana itafika kata yao. Akaacha kupepea.

"Huo wa kwanza watanipunguzia," akasema. "Wa pili je?"